Umbwa Kali

Leo nina neno moja tu la kuwaeleza, nalo ni "umbwa".

Njiani tujapo shuleni kuna lango lenye kibao: UMBWA KALI. Muhula uliopita tulipita hapo kundi zima, mmoja wetu akakisoma kwa sauti kuu. Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. "Ati umbwa! Huyo soja hakuona hata mlango wa darasa!" Nami nikacheka, tena kuwashinda, ilhali moyoni nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku hiyo nilimwendea mwalimu wetu wa Kiswahili. Alinieleza kuwa usanifu ni "mbwa mkali". Shina la neno ni -bwa, silabi moja tu. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ile "m" ndiyo hubeba mzigo wote, na ulimi huitilia "u" mbele ili kuisaidia. Ndivyo wengine wasemavyo "inchi" badala ya "nchi". Tena Waganda humwita mnyama huyu embwa, nasi Wamaragoli imbwa. Kumbe lugha za Kibantu ni ndugu! Lakini neno hili lina maana nyingine chungu. Mtu akiambiwa "Umbwa wewe!" hapo hatajwi mnyama, ni yeye anavunjiwa heshima.

Jioni nikasema nyumbani, "Baba, kile kibao kina makosa mawili. U imezidi, na m ya mkali imepotea."

Baba aliniangalia, akatabasamu. "Mwanangu, tangu nikiandike, kuna mwizi ameingia pale?"

"Hapana, baba."

"Basi walikisoma."

Naam, wasomaji, soja wa lango lile ni baba yangu mzazi. Aliacha shule akiwa darasa la tatu, na rangi ya kibao kile aliipaka kwa mkono wake mwenyewe. Sare niliyovaa siku ile nikicheka ilinunuliwa kwa mshahara wa lango lilo hilo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mkataa kwao ni mtumwa.

Kibao kingali pale, na u yake. Tukipita tena, anayetaka kucheka na acheke. Mimi nitasimama kwanza, nimwamkie baba.