Chakula cha Mugumu Kina Saa Zake

Mgeni akishuka stendi ya Mugumu saa tisa alasiri anaweza kuapa kwamba watu wa mji huu hawali. Mimi niliapa. Ilikuwa mwanzoni mwa 2008, natoka Tanga kwenda kuanza kazi ya ualimu, na basi letu la kutoka Arusha lilikuwa limekata Ngorongoro na Serengeti yote kabla ya kutokea geti la Ikoma na kunishusha stendi nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Masufuria ya mama ntilie yalikuwa yameshaoshwa na kufunikwa, mabenchi yameegemezwa ukutani, na ndani ya kabati la vioo la hoteli iliyokuwa wazi mlikuwa na maandazi yaliyokauka. Nikayateremsha kwa soda, nikabeba begi hadi Morotonga, pembeni ya mji, ambako mwalimu mwenzangu alikuwa amenitafutia chumba. Usiku ule nililala nikilaumu barua iliyonipangia kituo.

Kumbe mchana nilikuwa nimeukosa kwa saa mbili, na jioni nimeikimbia kwa saa moja. Sikujua bado kwamba Mugumu, ingawa ni makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, chakula chake hakitafutwi kwa bango wala kwa mtaa. Kinatafutwa kwa saa. Mahali pale pale panapouzwa supu alfajiri, saa nne ni uwanja mtupu wenye majivu, na jioni amekaa mwingine kabisa na karai lake la mafuta.

Supu ndiyo iliyonifungulia mlango. Karibu na bucha, kabla jua halijapanda, palikuwa na sufuria kubwa la makongoro lililochemka usiku kucha, na wanaume wamelizunguka kimya kimya kila mmoja na bakuli lake, ndimu, pilipili na chapati. Mafundi ujenzi, makondakta, wazee wanaowahi mahakamani, wote benchi moja. Nilipokaa tu, mama wa supu akaniuliza, "Mwalimu, chapati ngapi?" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kazi yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia huku ameshanichotea, na tangu siku ile sikuwahi kuagiza tena, nilikuwa naletewa. Ikifika saa mbili asubuhi mifupa imebaki ya mbwa, na bucha lenyewe halikukaa sana baada ya hapo. Kule kwetu Tanga nyama unainunua hata jioni. Mugumu, mji wa wafugaji, ng'ombe wamejaa kila upande, na bado ukilala hadi saa nne unakuta kongosho na ngozi.

Tatizo la pili lilikuwa kuelekezwa. Ukimuuliza mtu wapi pana ugali mzuri anakujibu bila kusita, "Nenda kwa Mama Bhoke." Sasa, katika nchi ya Wakurya, akina Mama Bhoke ni wengi, na akina Mama Ghati hawapungui. Nilikula kwa Mama Bhoke asiye sahihi mara nyingi, wala sijuti, maana hakuna aliyepika vibaya. Nilichojifunza ni kuongeza swali: Mama Bhoke yupi, na anaanza saa ngapi kupakua?

Kwa yule sahihi ulikuwa unaulizwa kwanza: sembe au wa muhogo? Sikusema muhogo. Nilisema sembe, halafu nikamtazama jirani yangu. Jirani ameletewa donge la kahawia, laini, linavutika kidoleni, ni muhogo uliochanganywa na mtama, na analikata kwa dagaa wa Musoma waliokaangwa na nyanya. Nilivumilia sembe yangu kwa muda, kisha nikahama. Baadaye mashineni, nilipokuwa nikipanga foleni na debe langu, nikaona kwamba kila nyumba ina kipimo chake: huyu anaongeza ulezi, yule anazidisha muhogo kwa sababu gunia la mtama limeisha, mwingine anataka mtama mtupu kwa ajili ya mzee asiyekula kingine. Ukitaka kujua mwaka umekuwaje mashambani, simama mashineni usikilize watu wanavyoagiza.

Mwenye nyumba wangu wa Morotonga, mama wa makamo mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, alishangazwa na mambo mawili: mwanamume kujipikia, na mbuzi ya kukunia nazi niliyotoka nayo nyumbani. Wanawe waliigeuza kiti. Nazi yenyewe haikuwapo sokoni. Ikitokea, imesafiri mbali na bei yake ni ya kuiangalia tu. Nilipolalamika kwamba mboga haina ladha bila tui, alinichukulia fungu langu la mgagani, akalichemsha, akamwaga yale maji machungu, akarudisha jikoni na maziwa mabichi hadi yakakauka. "Kula hiyo, baba, halafu uniambie habari za nazi." Sikumwambia. Maziwa yakawa ratiba nyingine: mabichi hupita asubuhi kwenye madumu ya vijana wa baiskeli, mgando unaupata nyumbani kwa mtu, na lazima uwe umeagiza jana.

Lakini saa niliyoipenda kuliko zote ni saa kumi jioni, saa ya samaki. Mugumu haina ziwa. Samaki wake alitoka Musoma, barabara ilikuwa ya vumbi, na siku ya mvua gari likikwama njiani mji mzima ulikuwa unakula maharage. Gari likifika, hata usipoliona utajua: akina mama wanaondoka vibarazani na mabeseni kichwani, hawakimbii lakini hawatembei. Sato walikwisha kwanza. Halafu sangara, kwa vipande. Halafu kayabo, yule sangara wa chumvi aliyekaushwa juani, ambaye ukimpika bila kumlowesha utakunywa maji hadi asubuhi. Mwisho kabisa, kwa sisi wa mshahara unaochelewa, mapanki.

Mapanki yalikuwa na kesi yake miaka ile. Sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, minofu yake ilikuwa inachukuliwa na viwanda vya Mwanza na Musoma kwenda Ulaya, na mifupa yenye kichwa na mkia, ndiyo mapanki, ilibaki kwetu. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ilionyesha mifupa hiyo ikianikwa, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani kwamba inaichafua nchi. Mabishano hayo yalifika hadi benchi letu la jioni. Mzee mmoja fundi baiskeli alikuwa na hukumu yake: waliokosea ni wote wawili, mzungu kwa kudhani kichwa cha samaki ni takataka, na serikali kwa kuona aibu. Huku anasema, anafyonza jicho. Mimi niko upande wa mzee, ila naongeza kwamba minofu nayo tungeipenda.

Kama samaki, ndizi nazo zilitoka nje ya mji: zilikuwa za Tarime, na kwa ndizi Tarime haina mpinzani mkoani Mara. Nchi ya milima, mvua ya kutosha, na kahawa inapandwa huko huko. Zilifika kwa malori. Sabuni, mafuta ya kupikia na biskuti nyingi za madukani zilipitia Sirari kutoka Kenya, na muuza duka angeweza kukutajia bei kwa shilingi ya upande wowote.

Siku ya mnada ilikuwa na ratiba yake. Huko mnadani ndiko nilikolishwa kichuri. Mbuzi akishachinjwa, majani aliyokuwa hajamaliza kuyasaga tumboni hukamuliwa, yakachujwa, yakachemshwa na nyongo, na nyama ya kuchoma ikachovywa humo. Ni chungu kwelikweli. Wenyeji wanasema kinasafisha tumbo. Sina ushahidi wa kupinga. "Mura, usikiangalie, kula," aliniambia aliyenialika, na ushauri huo ni mzuri. Mara ya tatu unaanza kukitamani, na nyama bila kichuri inakuwa kama chai bila sukari.

Kuna chakula kimoja ambacho saa yake ilikuwa usiku, na hakikuwa na benchi. Katikati ya mwaka, nyumbu wanapopita upande wa Ikoma, mtu angegonga mlango na kusema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kuna nyama." Bei yake ilikuwa chini ya ng'ombe. Sheria ya wanyamapori ya 1974, na ile iliyofuata ya 2009, haikuwa na utani, na mtumishi wa umma hatafuti kesi kwa kipande cha nyama. Nilikuwa nashukuru na kufunga mlango. Hata hivyo sikuwahi kumwona anayegonga kuwa jambazi. Mwaka 2020 serikali ilitunga kanuni za kuuza nyamapori kwenye bucha zenye leseni, na ni hatua niliyoiona imechelewa sana kwa wilaya ambayo mnyama anakula shamba la mtu mchana na mtu hawezi kumla mnyama usiku.

Niliondoka Morotonga kwa uhamisho, mbuzi ya nazi nikaiacha, maana watoto walikuwa wameshaizoea. Wewe unayepangiwa kazi huko leo, usiulize hoteli nzuri iko wapi. Uliza gari la Musoma linafika saa ngapi, na uwe sokoni kabla yake.