Mume Hajui

Shangazi yangu ameuza vitenge na vyombo kwa mkopo mjini Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo, kumbukumbu zake zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja, iliyoshinda kwenye droo ya duka na kulala naye nyumbani. Hata ungeiiba, usingeambulia kitu. Wateja hawakuandikwa kwa majina. Kulikuwa na "Mlango wa Kijani", "Mama Pacha", "Yule wa Chumbageni", na mbele ya kila mmoja vistari vya kalamu ambavyo yeye tu ndiye aliyejua kila kimoja ni shilingi ngapi.

Wateja wake wengi ni wanawake. Kukopa kitenge si aibu, lakini pia si jambo la kutangazwa. Wapo wanaolipa kidogo kidogo kwa faida ya maandazi ya asubuhi, na wapo ambao waume zao hawajui. Shangazi aliwasitiri wote. Kwake hiyo ilikuwa ni heshima tu, lakini ndiyo pia iliyomjengea biashara. Mtu aliyeijua siri yako asiitoe, utarudi kwake.

Duka la pili lilipofunguliwa, kaunta buku haikuweza tena kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ndugu mmoja akashauri madeni yahamie kwenye wingu: jedwali moja linalofunguka kwenye simu ya shangazi na kwenye kompyuta za maduka yote mawili. Ushauri haukuwa mbaya. Malipo yakaanza kuonekana palepale, na hofu ya daftari kulowa mvua ikaisha. Kijana mmoja aliajiriwa kuingiza taarifa, naye akaifanya kazi kwa bidii: jina kamili, namba ya simu, mtaa, kiasi, tarehe. Safu ya mwisho aliiita "maoni", akajaza humo yale ambayo shangazi alimweleza kwa mdomo. "Analipa mwisho wa mwezi." "Asipigiwe mchana." "Mume hajui."

Ili kurahisisha kazi, jedwali liliwekwa liweze kufunguliwa na yeyote mwenye kiungo. Baada ya miezi kadhaa kijana akapata kazi kwingine, akaondoka na kiungo kwenye simu yake. Ijumaa moja jioni, picha ya ukurasa mmoja wa madeni ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Jumatatu nilikuwa dukani. Mmoja wa wanawake waliotajwa aliingia na kitenge chake, hakijakatwa bado, akakiweka juu ya kaunta.

"Dada, mimi nilikukopa wewe," alimwambia shangazi. "Sikuukopa mtaa."

Akatoka.

Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo wetu, nilitakiwa nieleze nani ametuvamia. Jibu lilikuwa gumu kumeza: hakuna aliyetuvamia. Hakuna nenosiri lililovunjwa. Mlango ulikuwa wazi, na mfumo ulifanya kama ulivyoagizwa.

Nadhani neno "wingu" limetuponza kidogo. Wingu liko juu, halina mlango wala ufunguo, na halina anayeulizwa. Lakini wingu la kompyuta ni majengo yaliyojaa mitambo, yana umeme na walinzi, na yanaweza hata kuungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala za akiba mahali pengine walipoteza data zao moja kwa moja.

Hata hivyo, jengo mara nyingi si ndilo tatizo. Mwaka 2014 mtu aliingia kwenye akaunti ambayo kampuni ya Code Spaces ilitumia kuendeshea huduma zake kwenye wingu la Amazon, akadai fedha. Wenyewe walipojaribu kumtoa, akaanza kufuta. Sehemu kubwa ya nakala za akiba nazo zilifikika kwa mlango uleule. Kampuni ikafungwa. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilipoteza taarifa za watu takriban milioni 100 nchini humo na milioni 6 Kanada, kwa sababu kizuizi kimoja cha mtandao hakikupangwa sawasawa. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 80. Aliyetozwa ni benki, si mwenye wingu.

Kampuni za wingu hazifichi jambo hili. Wao wanalinda jengo, mitambo na umeme. Nani aingie kwenye faili zako na aone nini, hilo ni lako. Ni sawa na kupanga chumba: mwenye nyumba anatengeneza paa, lakini hakukatazi kumpa ufunguo kila mpita njia.

Sheria nayo inatutazama hivyohivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume ya kuisimamia. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili na kuzilinda, iwe anaziweka kwenye droo au kwenye wingu.

Tuliyoyafanya baadaye hayakugharimu sana. Kiungo kilifungwa. Kila mfanyakazi akapewa akaunti yake, anaona duka lake tu, na siku anapoondoka akaunti inaondoka naye. Kuingia kunahitaji nenosiri na namba inayotumwa kwenye simu. Nakala ya akiba inawekwa kila wiki kwenye diski isiyounganishwa na intaneti, nyumbani kwa shangazi. Deni likilipwa, taarifa zake hazikai milele. Safu ya maoni tuliifuta, na majina yakarudi kuwa Mlango wa Kijani na Mama Pacha. Wataalamu wana jina refu la mbinu hiyo. Shangazi aliijua kabla hajamiliki simu.

Kitenge kile bado kipo dukani, hakiuzwi. Shangazi alikwenda nyumbani kwa yule mama kuomba radhi, akapokewa vizuri, akapewa chai. Lakini mama hajarudi kukopa.

Juzi alikuja kijana mwingine, nadhifu, anauza programu ya kusimamia maduka. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza: nani mwingine ataona majina ya wateja wangu? Mfanyakazi akiondoka, namfungia vipi? Na siku ninyi mkifunga ofisi, kitabu changu nakipataje?

Kijana alikuwa amejiandaa kwa swali la bei. Akaomba akaulize ofisini. Shangazi akamwambia hana haraka, akageuka kumhudumia mteja aliyekuwa akisubiri, kwa sauti ya chini.