Siku Guku Alipokwenda Bujora

Nilikuwa na miaka 11 mwezi Juni 1981, na kinachonijia kwanza ni mpini wa jembe. Guku, babu yangu mzaa mama, alikuwa ameketi juu ya jabali nyuma ya nyumba yetu pale Igoma, anaupaka mpini ule samli kwa kidole gumba, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Halikuwa jembe la kulimia. Lilikuwa la ngoma, la bugobogobo, na viganja vya miaka mingi vilikuwa vimeulainisha mti wake hadi ukang'aa kama pembe. Mama akapita na beseni la dagaa kichwani, akamtazama, asiseme neno.

Kati yao hapakuwa na ugomvi wa maneno. Palikuwa na kimya. Mama alibatizwa akiwa msichana, na aliyemfundisha dini alimwambia kwamba ukishaoshwa kwa maji ngoma ndiyo basi, dawa zake ni za shetani na mikesha yake ni ya pombe. Mafundisho hayo hayakuwa ya mtu mmoja. Sehemu nyingi za Usukuma wamisionari wa mwanzo waliwataka waumini waiache mbina, yaani ngoma. Guku alikuwa Mgalu, na kwa watu wa rika lake kusema hivyo kulitosha. Alisema mara moja tu: kanisa lililomnyang'anya binti yangu miguu ya kuchezea, mimi sitalikanyaga. Akakaa na neno lake zaidi ya miaka 20.

Kwa asiyejua, Bagalu na Bagika ni pande mbili za ngoma ya Kisukuma. Wazee walitusimulia kwamba katika karne ya 19 waganga wawili waliokuwa pia wachezaji hodari, Ngika wa Bagika na Gumha wa Bagalu, walibishana nani mwenye dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Hawakupigana. Walikubaliana wacheze siku moja, uwanja mmoja, na watu waamue. Hadi leo mashindano huenda hivyo: vikundi viwili vinapiga ngoma kwa wakati uleule, kila kimoja upande wake, na watazamaji wanahama. Palipojaa ndipo palipo na ushindi. Hakuna kura nyingine ila miguu.

Mahali pengine mapadre walianzisha mashindano ya mpira ili kuwakutanisha vijana. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alitazama kilichokuwepo. Alifika Bujora, karibu na Kisesa, miaka ya 1950, akajifunza Kisukuma hadi wazee wakampa jina la Fumbuka, akakusanya ngoma za watemi, viti vyao na nyimbo, mpaka pakawa na makumbusho yaliyofunguliwa 1968. Na katika sikukuu ya Ekaristi, ambayo mara nyingi huangukia Juni, mavuno yakiwa ghalani na watu wana nafasi, alifungua uwanja wa parokia kwa Bagika na Bagalu. Sikukuu hiyo tunaiita Bulabo, jina la maua yanayobebwa kwenye maandamano. Asubuhi ni misa na maandamano, kisha ngoma. Kwangu mimi hilo ni tendo la unyenyekevu mkubwa: padre kukaribisha nyumbani kwake kitu ambacho wenzake walikifukuza.

Kikundi cha Guku kilialikwa mwaka ule. Alibishana na nafsi yake wiki nzima. Mwishowe akasema anakwenda uwanjani, si kanisani, na kwamba uwanja ni ardhi ya Mungu kabla haujawa wa padre. Mama naye alikuwa akienda kwenye maandamano na akina mama wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Tukatoka nyumba moja alfajiri, njia moja, tumepishana hatua 100: Mama mbele na rozari, Guku nyuma na jembe begani, mimi katikati nikikimbia huku na huku. Barabara ya Musoma ilikuwa ya vumbi la baridi, na mawe ya Usukuma yalianza kupata rangi jua lilipochomoza.

Misa ilipokwisha nilimkuta Guku amesimama kwenye kizingiti cha kanisa. Hakuingia. Alikuwa anatazama ndani, kwenye altare iliyotengenezwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na tabernakulo mfano wa nyumba ya Kisukuma. Akatazama muda mrefu. "Mjukuu wangu," akaniambia, "huyu mzungu amemketisha Mungu wake kwenye kiti cha ntemi." Sikujua kama amefurahi au amekasirika. Alikuwa amevua kofia.

Alasiri ngoma zikaanza, na hapo ndipo moyo wangu ulipobaki. Bugobogobo huanza chini. Ngoma kubwa inaunguruma, wanaume wanainama na majembe kana kwamba wanalima, bega kwa bega, halafu majembe yanarushwa juu yote kwa pamoja, yanazunguka, yanameta, yanadakwa. Guku alikuwa na umri wa kukaa kivulini, lakini jembe lake lilipanda sawa na ya vijana. Nilisikia mpini ukitua kiganjani mwake: pa! Watu walitujaa.

Ndipo Bagika wakatoa chatu.

Sitawalaumu watu. Mtu akijizungusha nyoka mnene kama paja shingoni, na kichwa chake akakileta mbele ya uso wake, nani asiyekwenda kutazama? Watoto walikimbia kwanza, kisha vijana, kisha hata akina mama waliokuwa wameshika maua. Upande wetu ukabaki na vumbi. Wachezaji hawakuacha, ila niliona ngoma imepungua nguvu, na Guku anarusha jembe akitazama chini.

Katikati ya uwanja ule uliokuwa unahama, niliona leso nyeupe inakuja kinyume na watu wote. Mama alikuwa anapasua umati kwa kiwiko, rozari imezungushwa kwenye mkono, anakuja upande wa Bagalu. Alipofika akasimama peke yake mbele ya mstari wa babaye. Hakucheza. Alipiga kigelegele kimoja, kirefu, ambacho sikuwahi kumsikia akikipiga, na Guku akainua uso.

Tulishindwa siku ile, tena vibaya. Siku hizi Bulabo ina vipaza sauti na wageni rasmi, na mimi huenda kila nikiweza. Bado naona umati ni mwamuzi bora kuliko karatasi yoyote ya alama. Lakini 1981 hapakuwa na zawadi niikumbukayo. Enzi zile magari binafsi yalikatazwa kutembea kuanzia Jumapili alasiri kwa ajili ya kuokoa mafuta, kwa hiyo barabara ya kurudi Igoma ilikuwa yetu wenye miguu, Bagika na Bagalu wamechanganyika, wanataniana gizani. Guku alichoka tulipokaribia nyumbani. Alitembea katikati yetu ameshika bega langu, na jembe alilibeba Mama.