Glasgow: Waliozikwa bila jiwe

Kwenye kilima cha Necropolis, makaburi ya zamani ya jiji la Glasgow, Scotland, wamezikwa watu wapatao 50,000. Mawe ya kumbukumbu hayazidi sana 3,500. Anayemtafuta babu wa babu yake huweza kuzunguka kutwa nzima asione jina, maana jiwe lilikuwa la mwenye fedha.

Basi hushuka mjini, Maktaba ya Mitchell, inayotunza pia nyaraka za jiji. Humo, asiye na jiwe huweza kuonekana. Cheti cha kifo cha Scotland, kilichoanza 1855, hutaja majina ya wazazi wa marehemu na ugonjwa uliomuua. Hadi mwaka 1860 kilitaja hata alikozikwa. Kifua kikuu huandikwa waziwazi. Kwenye jiwe, mtu "amelala" tu.

Jiwe nalo lina lake. Mke wa Kiskoti huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, hivyo kaburi moja hufungua koo mbili. Ila mvua hula mawe ya mchanga. Wapenda historia waliyanakili maandishi yake vitabuni, na majina mengine sasa yanasomeka humo tu.