Bangi: uhuru wa nani, dawa ya nani?



Juma hili tulibishana sana juu ya bangi. Vijana wetu wa Masisi na Walikale wanaleta hoja mbili na kuzichanganya: mwili ni wangu, tena bangi ni dawa. Sisi tunaona afadhali zitenganishwe.

Hoja ya uhuru si ya kuchekwa. Tarehe 18 Septemba 2018, Korti ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anaweza kuvuta bangi faraghani, kwa sababu maisha ya ndani ya nyumba yake ni yake. Lakini faragha hiyo kwetu iko wapi? Chini ya turubai kambini wanalala baba, mama na watoto sita. Moshi wa mmoja ni wa wote. Na yule anayevuta kwenye barieri akiwa na bunduki mkononi, uhuru wake unakula uhuru wetu sisi tunaopita na mizigo ya mihogo.

Hoja ya dawa ina ukweli wake. Iko dawa inayotoka kwenye mmea huo, kanabidioli, ambayo Marekani iliikubali mwaka 2018 kwa watoto wenye aina fulani kali za kifafa. Ni dawa ya maji, inapimwa kwa uzito wa mtoto, na hailevyi. Haifanani na majani yanayouzwa nyuma ya duka la kanyanga. (Kanyanga yenyewe, tuseme kweli, inabomoa nyumba nyingi na hatuibishanii.) Jirani zetu wa Rwanda walikubali mwaka 2020 bangi ilimwe kwa dawa za kuuzwa nje, lakini kuivuta kwao bado ni kosa.

Kuhusu kufunga watu, hapo tuko pamoja na vijana. Kijana akikamatwa na kipande cha bangi, mama ndiye anauza mbuzi ili atoke, na akitoka anavuta vilevile.

Wenye watoto wa kifafa, msimpe mtoto moshi wala chai ya bangi. Ulizeni kituo cha afya juu ya fenobarbitali, dawa ya zamani, ya bei ndogo, inayosaidia wengi. Msiikatishe ghafla, maana mtoto anaweza kushikwa vibaya zaidi. Mkisikia barabara itafungwa, ombeni vidonge vya majuma kadhaa mapema.