Dawa ya Jino

Waswahili husema dawa ya jino ni kung'oa. Methali hii ni fupi, na nguvu yake imo katika ufupi wake. Haikutungwa na watu wavivu wa fikira. Ilitungwa na watu walioyajua maumivu ya usiku kucha, ambao hawakuwa na kifaa ila koleo, wala msaada ila mikono ya jirani iliyokishika kichwa cha mgonjwa. Kwao jino bovu lilikuwa adui wa ndani ya nyumba, na adui wa ndani hutolewa. Lakini lugha iliyotoa methali hiyo ilitoa nyingine pia. Husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena husema jino la pembe si dawa ya pengo. Basi methali tatu zimekaa katika kinywa kimoja, na hazikubaliani. Ya kwanza yaamuru kung'oa, ya pili yaamuru kuziba, na ya tatu yaonya kwamba kilichong'olewa hakina badala. Mzozo wa methali hizi husikika kila siku katika vyumba vya matibabu ya meno, na katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mzozo huo una sura yake.

Mbulu ni nchi ya juu, yenye baridi na upepo, na mashamba yapandayo na kushuka pamoja na vilima. Hanang imekaa kusini yake, na mlima wenye jina hilo, ambao ni volkano iliyolala, umesimama juu ya tambarare kwa kimo cha zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Moto wa zamani uliacha urithi wa namna mbili katika nchi hizi. Mmoja ni rutuba ya udongo, ambayo hulisha mahindi, ngano na maharage. Wa pili ni floridi, ambayo huingia katika maji ya visima na chemchemi katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Kidogo chake hulinda jino. Kingi chake hulidhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Mtoto anywaye maji yaliyouzidi sana mpaka huo, wakati meno yake ya ukubwani yakiumbwa ndani ya taya, huota meno yenye mabaka ya hudhurungi, na yaliyodhurika zaidi huwa na gamba dhaifu la kubanduka. Magadi yatiwayo chunguni ili kulainisha maharage yaweza kuuongeza mzigo huo. Jino la namna hii halikukingwa na kuoza, na daktari atakaye kulijenga upya huona kwamba kazi yake haishiki vema juu ya gamba lililoharibika.

Bibi mmoja wa kijiji cha chini ya mlima huo alimpeleka mjukuu wake, msichana wa miaka 16, kwa daktari kijana wa meno. Walikuwa wameondoka nyumbani kabla ya alfajiri, wakatembea, wakapanda gari, wakangoja. Bibi alisema Kiiraqw kwa ufasaha na Kiswahili kwa tahadhari.

"Shikamoo, bibi," alisema daktari.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto halali, leo usiku wa tatu. Ling'oe, twende zetu."

Daktari aliinama, akamuuliza msichana jino lilikuwa likiuma namna gani. Swali hili huonekana dogo, lakini ndilo mlango wa tiba. Jino litiwalo ganzi na maji ya baridi kwa muda mfupi, kisha likatulia, aghalabu lina kiini kizima kiwezacho kupona. Jino liumalo lenyewe usiku, na kuendelea kuuma baada ya baridi au moto kuondolewa, lina kiini kinachokufa. Jino liumalo linapogusana na jenzake wakati wa kutafuna huenda maradhi yake yamekwisha kutoka katika ncha ya mzizi na kuingia katika mfupa. Bibi alilichukua swali, akalitia katika Kiiraqw, akalirudisha jibu katika Kiswahili, na katika safari hiyo ya kwenda na kurudi maumivu yote yakawa neno moja: linauma. Ndipo msichana aliposema mwenyewe, kwa Kiswahili cha shuleni, "Linapwita, daktari. Nikilala linapwita kama moyo." Kwa neno hilo moja daktari alipata zaidi ya alivyopata kwa kutazama. Lugha ni chombo cha tiba kabla ya sindano, na mganga asiyefahamu jina la maumivu hutibu kwa kubahatisha.

Jino lenyewe lilikuwa gego la kwanza la taya la chini. Gego hili huota mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, pasipo kung'oka jino lolote kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hulidhani la utotoni, wakaliacha lioze wakitumaini kwamba jingine litakuja. Jingine haliji.

Daktari alieleza kwamba jino laweza kuokolewa. Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hushuka katika mizizi kwa mifereji myembamba. Mwaka 1965 wachunguzi watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walionyesha jambo kubwa kwa wanyama wadogo. Walitoboa meno ya panya wa kawaida na ya panya waliolelewa pasipo vijidudu. Viini vya wale wa kwanza vilikufa. Viini vya wale wa pili viliishi, vikaanza kujenga ukuta wa kuziba tundu. Ilidhihirika kwamba jeraha peke yake haliui kiini. Vijidudu ndivyo viuavyo. Kutibu mzizi, basi, ni kuondoa kiini kilichokufa, kusafisha mifereji na kuiziba isiwe tena makao ya vijidudu.

Maneno ni mepesi, kazi ni nzito. Sindano ya ganzi, ambayo hutosha kwa jino tulivu, mara nyingi hushindwa na gego la chini lililowaka. Mifereji haihesabiki kwa macho: gego la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, lakini aghalabu mifereji yake ni minne, na ule wa nne hujificha. Mfereji mmoja ukisahauliwa, tiba nzima imesahauliwa. Tupa za kusafishia ni nyembamba kama sindano za kushonea, na mifereji imepinda. Tupa iliyochoka hukatika ndani, na kipande chake ni kigumu kukitoa. Mkono ukikosa mwelekeo hutoboa ubavu wa mzizi. Dawa ya klorini iuayo vijidudu ndani ya jino huunguza nyama ikisukumwa kupita ncha. Kwa hiyo urefu wa mfereji hauna budi kupimwa, na kipimo huhitaji picha ya eksirei au chombo cha umeme. Umeme ukikatika, daktari huwa kama mchimba kisima gizani: ajua alikoanzia, hajui alikofika.

Siku ile umeme haukukatika, wala tupa haikukatika. Jino lilifunguliwa, likasafishwa, likatiwa dawa, likafunikwa kwa kizibo cha muda. Daktari aliwaambia warudi baada ya wiki mbili ili mifereji izibwe kabisa, kisha warudi tena jino lijengwe, maana gego lililotobolewa hivyo huhitaji kufunikwa vema lisipasuke. Bibi alisikiliza, akauliza nauli ya safari tatu ni kiasi gani. Daktari hakuwa na jibu, kwa sababu swali hilo halikuwamo katika mafunzo yake.

Usiku ule msichana alilala. Na hapo ndipo matata yalipoingia, pasipo kugonga mlango. Mtu aumwaye hukumbuka siku ya daktari. Mtu aliyepona hukumbuka shamba, mtihani na mbuzi. Wiki mbili zikapita. Masika yakaja, njia zikawa tope. Kizibo cha muda, ambacho hakikufanywa kuishi miezi, kililegea na kutoka, na vijidudu vikarudi katika nyumba iliyofagiliwa. Msichana aliporudi miezi minne baadaye shavu lilikuwa limevimba, na jino lilikuwa limepasuka mpaka chini ya ufizi. Liling'olewa siku ile ile.

"Nilikwambia, mwanangu," alisema bibi. Hakusema kwa hasira. Daktari aliosha mikono, akakaa kimya.

Nani alikosea? Hakuna aliyelala katika wajibu wake. Daktari alitaka kumwepusha mtoto na pengo la maisha yote. Jino la nyuma huinama katika pengo, na jino la juu lililokosa jenzake huteremka. Bibi alitaka mjukuu apone kwa safari moja, kwa sababu alijua safari ya pili ina bei. Lakini daktari alilipima jino akaacha kuipima njia. Mizizi ya jino ilionekana katika picha. Masika, nauli na mtihani havikuonekana, navyo vilikuwa sehemu ya ugonjwa. Katika nchi hizi njia si jambo la kupuuza. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Msiba mkubwa kama ule si wa kila mwaka, lakini mvua ndogo zaidi hufunga njia pasipo kuandikwa popote. Tiba ihitajiyo safari tatu haina budi kuulizwa kwanza kama safari tatu zipo. Zikiwapo, na jino liokolewe. Zisipokuwapo, kung'oa kwa heshima si aibu ya utabibu, na methali ya wazee haikusema uongo.

Hata hivyo methali ya ufa imesalia, na katika nchi hii imekwisha kutendwa. Katika miaka ya kati ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, na kuliziba tundu kwa saruji ya meno ishikamanayo na jino lenyewe, pasipo umeme wala mashine. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo ulimwenguni. Kinachostahili kusemwa ni kwamba ilizaliwa Tanzania, kwa ajili ya watu kama wa Hanang. Haifai kwa jino lipwitalo. Yafaa kwa jino ambalo bado halijasema neno, na hiyo ndiyo shida yake: nani atafunga safari kwa jino lililonyamaza?

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, bibi yule alirudi kwa daktari kijana. Alikuwa na mjukuu mwingine, mvulana wa miaka 7, aliyekuwa akicheka na kutafuna muwa. Daktari aliamkia, akauliza mtoto anaumwa wapi.

"Haumwi," alisema bibi. "Tazama lile gego jipya la nyuma. Nimeona doa jeusi."

Daktari alitazama. Lilikuwa tundu dogo, la kutosha ncha ya mwiba.

"Leo ni safari moja tu, bibi," alisema, akavuta kiti.