Kutoka Nakawa Hadi Port Bell

Mtu atokaye katikati ya Kampala kwa barabara ya Jinja hufika Nakawa kabla hajachoka kukaa garini. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Biashara cha Makerere, kilichoundwa mwaka 1997 kwa kuunganisha kitivo cha biashara cha Chuo Kikuu na chuo kilichokuwapo Nakawa tangu zamani. Miongoni mwa masomo yafundishwayo humo ni ununuzi na ugavi. Akishika njia ya kusini, akapita Bugolobi, kisha gereza la Luzira na kiwanda cha bia, msafiri huyo ataliona ziwa likimetameta mbele yake. Amefika Port Bell. Darasa liko upande mmoja wa barabara, na upande wa pili iko kazi yenyewe.

Bandari hii ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa gavana wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla reli haijafika Kampala mwaka 1931, shehena kutoka Mombasa ilipandishwa treni hadi Kisumu, ikavushwa ziwani kwa meli, ikashushwa hapa. Baadaye zilikuja meli za namna ya peke yake, zenye reli juu ya sitaha. Mabehewa husukumwa kutoka gatini yakaingia melini pamoja na mizigo yake, na yakifika ng'ambo huvutwa na kichwa kingine cha treni. Hakuna gunia linalobebwa begani. Anayejua ni magunia mangapi hupasuka au hupotea kila yanaposhushwa na kupakiwa upya ataona mara moja faida ya jambo hilo.

Lakini njia ya maji nayo ina misiba yake. Mwezi wa Mei 2005 meli mbili za Uganda, Kabalega na Kaawa, ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Huduma ya mabehewa ikadhoofika kwa miaka mingi, na nchi isiyo na pwani ikazidi kutegemea malori yapitayo Malaba na Busia.

Gharama ya utegemezi huo ilionekana Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara, na reli iling'olewa mahali fulani jijini Nairobi. Petroli ikaadimika Uganda, na vilevile Rwanda na Burundi. Magari yalipanga foleni vituoni, nauli zikapanda, na mwenye jiko la mafuta ya taa akarudia mkaa. Fedha za kununulia zilikuwapo, na mafuta yenyewe yalikuwapo Mombasa. Kilichokosekana ni njia ya pili iliyo tayari, na akiba ya kutosha kungojea njia ya kwanza ifunguliwe.

Hesabu ya akiba si ngumu, ingawa vitabu huivisha maneno mazito. Nyumba inayokula kilo 2 za unga wa posho kwa siku, na ambayo unga wake huchukua siku 3 kufika tangu kuagizwa, haina budi kuagiza zikisalia kilo 6. Mama mwenye busara haridhiki na hapo. Huongeza kilo 4 kwa ajili ya mvua na lori bovu, akaagiza zikisalia 10. Mkuu wa bohari kambini hufanya hesabu hiyo hiyo kwa maharagwe, sabuni na matairi. Asiyeifanya huanza kuagiza siku stoo inapofagiwa.

Matairi yana somo jingine. La bei nafuu likichelewa mpakani mwezi mzima, huku gari la doria limesimama juu ya mawe, limekuwa ghali kuliko lile ambalo lingefika kwa wiki moja. Bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama. Kuna nauli, bima, ushuru, na siku za kungoja. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003 ilitenganisha idara inayohitaji kitu, kitengo kinachokinunua, na kamati inayoidhinisha mkataba. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, idara ikiandika tu "matairi" bila kipimo, kamati hata iwe na watu waadilifu namna gani itaidhinisha yasiyoingia kwenye gari lolote.

Mwaka 2018 meli Umoja ya Tanzania ilirudi Port Bell ikitoka Mwanza na mabehewa yake, baada ya miaka kadhaa ya kutoonekana. Mwishoni mwa 2019 meli Uhuru ya Kenya nayo ilianza tena safari kutoka Kisumu, ikileta mafuta. Hivyo bandari hii ndogo ikawa tena na milango miwili: mmoja waelekea Mombasa, na mwingine Dar es Salaam.